Nani Anabishana Bei Mgonjwa Akiwa Kitandani?

Bima ya afya inayotegemewa na watu wengi ninaowafahamu haina ofisi, haina kadi wala sheria iliyopitishwa na Bunge. Ni kundi la WhatsApp. Mtu analazwa asubuhi, jioni kundi limeshafunguliwa, mwenyekiti kateuliwa, mweka hazina kateuliwa, na orodha imeanza kuzunguka: jina, ahadi, kiasi kilicholipwa, tiki kwa aliyekamilisha. Ukoo wetu ulinipa kazi hiyo ya uweka hazina miaka mingi iliyopita, na watu niliosoma nao wakanipa pia. Michango inapita kwenye simu yangu kabla ya kufika hospitali, ndiyo maana nimeona bei ya kuugua ikipanda, na nimeona pia inavyopandishwa.

Gharama za matibabu zina sababu nyingi za kupanda, ila zinakimbia zaidi pale pasipo na mtu wa kubishana bei. Na katika wote wanaolipia matibabu nchini, sisi wachangaji ndio tusiobishana kabisa. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

Zipo sababu ambazo kila mtu anazitaja, na ni za kweli. Magonjwa yamebadilika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima Watanzania wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kama asilimia 26 wana presha ya juu na asilimia 9 wana sukari. Malaria unaitibu, inaisha. Presha na sukari unakaa nazo hadi uzeeni, kila mwezi dawa, kila baada ya muda vipimo, na ukizipuuza zinakuletea kiharusi, figo kufeli, mguu kukatwa. Vifaa navyo vimekuja. Zamani mgonjwa wa moyo alipelekwa India kwa gharama za Serikali akibahatika, asipobahatika alibaki nyumbani akisubiri siku yake. Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianze kazi mwaka 2015, mgonjwa huyo anafanyiwa upasuaji hapahapa Dar es Salaam. Najivunia hilo. Lakini huduma isiyokuwepo haikumdai mtu, na sasa ipo, na ina bili.

Halafu kuna sababu ambayo wachumi wanaihusisha na jina la William Baumol, aliyeieleza miaka ya 1960. Kiwandani, mashine mpya ikifungwa mfanyakazi mmoja anatoa sabuni nyingi kuliko mwaka jana, kwa hiyo mshahara wake unaweza kupanda bila bei ya sabuni kupanda. Wodini mambo hayaendi hivyo. Nesi anayemgeuza mgonjwa wa kiharusi kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo hana mashine ya kumfanya awageuze kumi kwa mara moja. Naye anapanga nyumba, anasomesha, anapanda daladala ileile, na mshahara wake lazima ufuatane na wa wenzake wa kazi nyingine. Ndiyo maana kazi ya mikono ya binadamu inazidi kuwa ghali kila mwaka ukiilinganisha na bidhaa za kiwandani. Sina ugomvi na sababu hii hata kidogo. Ningependa nesi huyo alipwe zaidi ya anavyolipwa leo.

Lakini kama uzee, mashine na mishahara ndivyo vingekuwa maelezo yote, basi nchi yenye wazee wengi na mashine nyingi ndiyo ingelipa kuliko zote. Japani, karibu watu 3 katika kila 10 wamevuka miaka 65, na mashine za MRI zimejaa kuliko karibu nchi nyingine yoyote. Inatumia takriban asilimia 11 ya pato la taifa kwa afya. Marekani ina wazee wachache kuliko hao kwa uwiano, ila ilitoka asilimia 5 mwaka 1960 hadi asilimia 17.6 mwaka 2023, zaidi ya dola 14,000 kwa kila mtu. Mwaka 2003 Gerard Anderson, Uwe Reinhardt na wenzao waliilinganisha Marekani na nchi nyingine tajiri, wakakuta kwamba Wamarekani hawaendi kwa daktari mara nyingi zaidi wala hawalali hospitali siku nyingi zaidi. Tofauti ilikuwa kwenye bei. Kipimo kilekile, kitanda kilekile, dawa ileile, vinauzwa ghali zaidi.

Japani ina meza ya kupanga bei. Kila baada ya miaka 2 Serikali inakaa na madaktari pamoja na wanaolipa, wanapitia orodha ya bei za huduma na dawa kwa nchi nzima, na hospitali zinaifuata, za umma na za binafsi. Marekani, kila kampuni ya bima inajadiliana kivyake, na asiye na bima mara nyingi ndiye anayeandikiwa bei kubwa kuliko wote, kwa sababu nyuma yake hakuna mtu. Huyo ndiye ninayemwona kwenye makundi yetu kila mwezi.

Shangazi yangu alipopata kiharusi alikimbizwa hospitali binafsi, kwa kuwa usiku ule kitu kilichotazamwa ni umbali tu. Mlangoni wakataka amana kabla ya kitanda cha ICU. Tukatuma. Kulipokucha ikaja pesa ya CT scan, tukatuma. Alipokaribia kuruhusiwa nikakaa kwenye benchi na bili yake, karatasi kadhaa zimebanwa pini. Glavu zimehesabiwa jozi kwa jozi, mistari imepangana kurasa nzima. Oksijeni imehesabiwa kwa saa. Ada ya daktari bingwa ipo asubuhi na jioni kila siku. Kipimo kimoja cha damu kimerudiwa siku zinazofuatana na majibu hayakubadilika. Na kwenye ukurasa wa mwisho kuna mstari umeandikwa "vifaa tiba", bila maelezo yoyote, na kiasi chake ni kikubwa kuliko dawa zote alizomeza na kuchomwa.

Nikaenda dirishani. "Samahani dada, hivi vifaa tiba ni vitu gani?"

"Kaka, hiyo inatoka kwenye mfumo."

"Naweza kupata mchanganuo wake?"

"Mchanganuo ndio huo ulioshika."

Alikuwa na adabu, na nadhani alisema kweli: naye hajui. Nyuma yangu foleni inasogea, wodini shangazi ameshavalishwa kitenge chake na yuko kwenye kiti cha magurudumu. Nikalipa. Kwenye kundi watu wakaandika "Mungu ni mwema" na "Hongera mweka hazina", na hakuna aliyeuliza habari za vifaa tiba. Ninawaelewa. Ukiuliza bei mgonjwa akiwa bado amelazwa utaonekana humtakii mema. Ukiuliza akiwa ametoka utaonekana huna shukrani. Watu haohao wakiwa Kariakoo, wakitajiwa bei ya kitenge watacheka, watageuka waondoke, na muuzaji atawaita warudi akiwa ameshashusha. Hospitalini hakuna anayegeuka akaondoka.

Kenneth Arrow, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1972, aliliweka wazi jambo hili katika makala yake ya mwaka 1963. Ugonjwa unakuja bila kupanga. Huduma huwezi kuionja kabla ya kuinunua. Na anayekuuzia ndiye anayekuambia unahitaji nini, na kiasi gani. Ongeza hapo kwamba hospitali inalipwa kwa kila kitu inachofanya, sindano kwa sindano na kipimo kwa kipimo, utajua kwa nini bili zinarefuka. Siwaiti madaktari wezi, na wengi ninaowafahamu wamechoka kuliko sisi. Daktari mwenye wasiwasi na mgonjwa wake ataagiza kipimo cha ziada kwa moyo safi, mwajiri wake ana kila sababu ya kufurahi, na upande wa pili hakuna anayeuliza kama kilihitajika.

Na nguvu ya kudai nayo iko upande mmoja. Kwetu mazungumzo yakishindikana yanaishia mochwari, maiti imezuiwa hadi deni liishe, jambo ambalo Serikali imelikemea mara kwa mara na bado kuna makundi ya michango yanafunguliwa kwa ajili hiyo tu. Kenya, mwaka 2015, Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuia hospitalini wanawake waliojifungua Pumwani kwa sababu ya deni kulivunja haki zao za kikatiba. Ilibidi watu waende mahakamani ili hilo litamkwe.

Hatukuanzia hapa tulipo. Baada ya Azimio la Arusha matibabu yalitolewa bure, na mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zikapigwa marufuku. Uchumi ulipoyumba, makabati ya dawa yakabaki matupu. Mwaka 1991 hospitali hizo zikaruhusiwa tena, na mwaka 1993 uchangiaji ukaanza kwenye hospitali za Serikali. Wazee wangu wanaukumbuka wakati wa bure kwa hamu, ila wanakumbuka pia kuandikiwa dawa na kuambiwa wakatafute wenyewe. Mwaka 2001, mjini Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Tanzania haijafika hapo, na sehemu ya pengo hilo tunaliziba sisi kwa simu zetu.

Mifuko ya bima ilikuja kujibu hali hiyo. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio Igunga katikati ya miaka ya 1990. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ilipitishwa mwaka 1999, na mwaka 2001 Mfuko ukaanza na watumishi wa umma, asilimia 6 ya mshahara, nusu mfanyakazi nusu mwajiri. Watu wengi wanaiona bima kama akiba ya kugawana mzigo, na ni kweli, mzigo unagawanywa. Mimi ninaithamini zaidi kwa kazi nyingine: inampa mgonjwa mtu wa kubishana kwa niaba yake, mtu asiye na homa, asiyelia, mwenye daktari wake wa kukagua madai na kuuliza glavu zote hizi zilikuwa za nini.

Machi 2024 tuliona ubishi huo hadharani. NHIF ilianza kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma inazolipia, chenye bei mpya, na hospitali kadhaa kubwa binafsi zikatangaza kuacha kuwahudumia wenye kadi, zikisema bei hizo hazirudishi gharama. Wenye kadi walihangaika, na nisingependa mgonjwa yeyote apitie tena siku zile. Lakini bei ya kumwona daktari bingwa ilijadiliwa redioni na magazetini, kila upande ukieleza hesabu zake, na mimi niliona hilo lilistahili kufanyika zamani. Hospitali nazo zilikuwa na hoja. Vitendanishi vya maabara vinaagizwa kwa dola, shilingi ilikuwa imeshuka, jenereta inataka dizeli, na daktari bingwa ukimpunja atahamia kwingine. Bei sahihi haiko mfukoni mwa upande wowote. Inapatikana pande mbili zikiwekeana hesabu mezani, na kwa wachangaji meza hiyo haipo.

Mfuko nao hauna nguvu ya kubishana ukiwa na wagonjwa peke yao. Toto Afya Kadi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka mzima, na familia nyingi ziliipenda. Machi 2023 NHIF ilisitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, ikaeleza kwamba wengi walikuwa wanaandikishwa wakiwa tayari wanaumwa, michango ikawa midogo mno mbele ya madai. Wazazi siwalaumu. Mwenye mtoto mwenye selimundu na elfu hamsini mkononi atafanya ambacho kila mzazi angefanya. Lakini hesabu haiwezi kutoka namna hiyo: mchango wa wenye afya ndio unaolipia wagonjwa, na mwenye afya hajitokezi mwenyewe kwa hiari. Hii ndiyo sababu nimeiunga mkono sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, pamoja na neno lake la lazima ambalo watu wengi hawalipendi.

Majirani zetu wanatufundisha sehemu iliyobaki. Kenya ilifunga NHIF yake iliyokuwepo tangu 1966, na Oktoba 1, 2024 ikaanza mfuko mpya chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA: asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa mwajiriwa, na si chini ya shilingi 300 za Kenya kwa mwezi kwa wengine. Kwenye karatasi ni mfuko mkubwa wenye nguvu. Ila madeni ya mfuko wa zamani kwa hospitali yalibaki, na Februari 2025 hospitali nyingi binafsi zilianza kuwadai wagonjwa pesa taslimu zikisema zimechoka kusubiri. Anayetaka kushushiwa bei lazima awe mlipaji mzuri. Ukikopa muda mrefu, mwenye hospitali atapandisha bei kufidia kusubiri, au atakufungia mlango, na katika yote mawili anayeumia ni mgonjwa.

Wenzangu wengi wakifika hapa wanakata tamaa, wanasema matibabu ni ghali tu, ndiyo asili yake. Ninawakumbusha ARV. Mwaka 2000 dawa za kumtunza mtu mmoja mwenye virusi vya Ukimwi kwa mwaka mmoja ziliuzwa zaidi ya dola 10,000. Makaburi yalikuwa yanajaa na dawa zipo. Februari 2001 Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla ya India alitangaza kwamba anaweza kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka. Baadaye Mfuko wa Dunia, mpango wa PEPFAR wa Marekani na serikali zenyewe wakanunua kwa wingi, viwanda vikashindana, na leo mchanganyiko unaotumika sana, ambao ni bora kuliko zile za zamani, unapatikana chini ya dola 50 kwa mwaka. Waliofanya hivyo ni watu waliokataa bei ya kwanza waliyotajiwa: wagonjwa wenyewe walioandamana, wanasheria, wenye viwanda, wanunuzi wa umma. Katika ukoo wetu wapo watu walio hai leo kwa sababu ya ubishi ule, na wamelea wajukuu.

Kwa kiwango cha familia jambo hilohilo linawezekana. Mama mkwe wangu alikuwa anaandikiwa dawa ya presha kwa jina la kampuni, anainunua famasi iliyo jirani na hospitali, mwisho wa mwezi pesa ikikata anakunywa siku moja anaruka moja. Kijana wa duka la dawa mtaani kwetu aliligeuza boksi, akamwonyesha neno dogo chini ya jina kubwa: amlodipini. "Mama, dawa ni hii hii, mtengenezaji tofauti." Tofauti ya bei ilitosha kumfanya anywe kila siku. Tulimuuliza daktari wake, akasema sawa, na tangu hapo anamwandikia jina la dawa yenyewe. Ugonjwa uliompata shangazi ulianza na presha isiyotibiwa, kwa hiyo mimi boksi lile siwezi kulichukulia kama jambo dogo.

Kwenye kundi letu tumebadilisha utaratibu. Mgonjwa akilazwa anateuliwa mtu mmoja asiyemlilia, kazi yake ni kuuliza: kipimo hiki cha nini, kitabadilisha nini katika matibabu, bei yake ni ipi kwa mwenye bima na ni ipi kwa asiye na bima. Bili tunaiomba kila siku, kwa kuwa ya siku ya mwisho haibishaniki. Michango ya kila mwezi, ile midogo ambayo watu huitoa bila kuumia, tumeanza kuielekeza kulipia bima za wazee wetu mapema. Baadhi ya ndugu hawakupenda. Mtu hutoa kwa moyo zaidi akimwona mgonjwa kitandani kuliko akionyeshwa fomu. Tunaendelea kuelewana.

Lakini ukoo mmoja hauwezi kujadiliana na sekta nzima. Kazi hiyo ni ya Serikali, na wakati huu ambapo bima kwa wote inajengwa ndio wakati wa kuifanya. Ninaomba mambo yanayowezekana. Kila hospitali, ya umma au binafsi, ibandike bei za huduma zake za kawaida karibu na dirisha la malipo, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Mstari kama "vifaa tiba" usiruhusiwe kwenye bili bila mchanganuo. Dharura ihudumiwe kwanza, amana ijadiliwe baadaye. Kamati inayopitia bei za kitita iwe na wawakilishi wa wagonjwa, wakiwemo wanaolipa taslimu. Na kwa yule ambaye bado hajaingia kwenye mfuko wowote, bei anayotozwa isivuke ile inayolipwa na NHIF kwa huduma hiyohiyo isipokuwa kwa nyongeza iliyowekwa kisheria na inayojulikana, na hospitali itakayotoza zaidi ya hapo imweleze kwa maandishi ni kwa nini, kabla hajalipa.